Umri wa Nalini

Barua ya kwanza niliiandika mimi. Sikulazimishwa na mtu, na Hemant mwenyewe alinikatalia mara tatu kabla hajakubali kuitia sahihi. Nalisema hili mwanzo ili msomaji asitafute mkosaji mahali pengine kabla ya kunihesabu na mimi.

Mwaka 1972 nilikuwa nimepanga chumba cha juu katika nyumba moja ya Kenton, London, dakika saba kwa miguu kutoka stesheni. Chini walikaa Hemant na mkewe Indu, Wahindi wa Mombasa, waliofika Januari ya mwaka ule baada ya kungoja zamu yao ya kuingia Uingereza kwa karibu miaka minne. Mimi ni mtu wa Pemba. Niliondoka mwaka sitini na nne, na Kigujarati changu kinaishia kwenye salamu na majina ya vyakula. Kwa hiyo nyumba ile ilisema Kiswahili, wao cha Mombasa na mimi cha kwetu, ambacho Hemant alidai kinahitaji mkalimani.

Kule Mombasa Hemant alikuwa akiuza bawaba na misumari katika duka la vifaa vya ujenzi. Hapa alipata kazi katika kiwanda cha kusafisha picha, akirudi na harufu ya dawa mikononi. Indu alishona kola za mashati nyumbani, mafungu kwa mafungu. Mimi nilikuwa karani wa ghala la hospitali. Niliingia alfajiri, na saa nane mchana nilikuwa nimesharudi. Sikusoma shule zaidi ya darasa la nane. Mengine niliyapata maktaba, kitabu kimoja baada ya kingine, nikiandika pembeni yale nisiyoyaelewa na kuyarudia wiki ya pili.

Walikuwa na mtoto mmoja, Nalini, wa miaka kumi. Ndivyo ilivyoandikwa katika paspoti ya mama yake. Alikuwa mdogo wa mwili, mwenye macho ya kuangalia sana, na ukimwita kwa jina lake hakugeuka upesi. Jikoni mama yake alimwita Koki. Nilidhani ni jina la kudekezwa, maana hakuna nyumba isiyokuwa na jina kama hilo, nami sikuuliza.

Alikaa miezi michache katika shule ya jirani. Mwalimu wake alisema mtoto hasemi, haitiki akiitwa, na hesabu za wenzake hawezi kuzigusa. Mwezi wa Juni alikuja mwanamke kutoka halmashauri, akamkalisha katika chumba chenye vibao vya rangi na picha za wanyama, akamuuliza maswali kwa saa nzima. Akaandika kwamba akili ya mtoto huyu haijafika ya mtoto wa miaka minane.

Kisha ikaja Septemba, na Wahindi waliofukuzwa Uganda wakaanza kuteremka kwenye ndege na masanduku yao. Wazazi Waingereza wa mtaani walikusanya sahihi kwamba madarasa yamejaa wageni na watoto wao hawasomi tena. Halmashauri ikaweka hesabu yake: shule yoyote isipokee wageni zaidi ya theluthi moja ya watoto wake, na wanaozidi wapelekwe kwa basi mitaa ya mbali. Watu walibishana sana juu ya theluthi ile, mikutanoni na magazetini. Sikusikia mtu aliyewauliza watoto waliokuwa ndani ya basi.

Nalini alikuwa miongoni mwa waliozidi, na kwa kuwa kulikuwa na ile karatasi ya mwezi wa Juni, hakuandikiwa shule ya kawaida. Barua ilisema ameingizwa katika orodha ya kungojea shule maalumu ya watoto wazito wa kuelewa, safari ya karibu saa nzima. Nafasi ikipatikana ataitwa. Mpaka hapo akae nyumbani.

Kazini nilikuwa na mwenzangu, mtu wa Jamaika, ambaye mwanawe alikuwa katika shule ya namna hiyo. Nilimuuliza ikoje. Aliniambia kuingia kulikuwa kazi ya asubuhi moja, lakini kwa miaka minne hajaona mtoto aliyetoka humo akarudi shule ya kawaida. Siku ile ile, baada ya kazi, nikaenda maktaba.

Sheria ya elimu ya nchi hii, ya mwaka 1944, niliisoma kifungu kwa kifungu kwa siku tatu. Inasema mzazi ana wajibu wa kumpatia mtoto wake elimu inayofaa umri wake, uwezo wake na kipaji chake, ama kwa kuhudhuria shule ama kwa njia nyingine. Nilinakili maneno hayo kwenye karatasi, nikashuka nayo chini.

"Kwa njia nyingine, Hemant-bhai," nikamwambia. "Maneno matatu tu. Lakini ni yako kama yalivyo ya Mwingereza. Unaweza kumsomesha hapa hapa, na hakuna wa kukuuliza mradi asome."

"Ninyi Wapemba," akasema, "mkipata karatasi yenye muhuri mnalala nayo."

"Haina muhuri. Nimeinakili mwenyewe."

"Basi ndiyo mbaya zaidi." Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Tukae kimya, ndugu yangu. Orodha yao ni ndefu. Watatusahau."

Niliona ni woga wa mgeni, nami nilikuwa nimeshauona kwa wengi, na kwangu mwenyewe miaka ya mwanzo. Nikamrudia mara ya pili na mara ya tatu, na barua ya kuiarifu halmashauri nimeshaiandika. Indu hakutia neno, ila siku moja alisimamisha cherehani akaniuliza kama watu wa halmashauri wakisoma barua hiyo watakuja nyumbani. Nikamjibu kwamba wanaweza kuja mara moja, kuangalia daftari, na hilo si jambo. Akaendelea kushona.

Kilichombadilisha Hemant si maneno yangu. Jumamosi moja alipanda basi akaenda kuitazama ile shule maalumu kwa nje. Ilikuwa siku ya sherehe ya wazazi, na mtu wa mlangoni alimruhusu kuingia. Aliwakuta vijana wa miaka kumi na minne, wenye ndevu zinazoota, wakionyesha kazi zao. Walikuwa wametunga shanga. Aliporudi alisema, bila kuketi, "Lete hiyo barua."

Akatia sahihi. Mimi mwenyewe nikaipeleka posta.

Tulianza masomo mwezi wa Oktoba, kwenye meza ya chumba cha nyuma, kando ya mafungu ya kola. Saa nane na nusu mpaka saa kumi na moja, siku tano za wiki. Niligundua upesi kwamba mtoto yule si mzito hata kidogo. Alikuwa hajafundishwa yale waliyomtegemea ayajue, basi. Nilimweleza jambo kwa Kiswahili, akalirudia kwa Kiswahili, kisha tukalisema pamoja kwa Kiingereza. Wiki sita tu zilipita, naye akawa anazidisha namba za tarakimu tatu. Kabla ya mwaka kwisha alikuwa akigawanya kwa mgawanyo mrefu na kuanza hesabu za sehemu, na gazeti la jioni alinisomea kwa sauti, akisimama kwenye maneno magumu kama mtu anayevuka barabara.

Alizungumza sana akishakuzoea. Alinicheka kwamba saba yangu inafanana na moja, na kwamba mtu akisoma tarehe katika daftari langu atadhani tuko mwaka 1912. Mimi nilitaka afike pale walipofika watoto wa umri wake kabla ya mkaguzi kuja. Nilichora mstari kwenye karatasi, miezi kwa chini na masomo kwa ubavuni, na kila Ijumaa nikaweka nukta. Nukta zilipanda. Lakini hata zikipanda hivyo, mstari wa watoto wa miaka kumi ulikuwa bado juu yake, nami nikashangaa kidogo kwamba mtoto mwepesi namna hii aliwezaje kuachwa nyuma kiasi kile.

Mkaguzi alikuja Januari. Jina lake Bwana Hallam, mtu mrefu mwenye koti la mvua, aliyefuta viatu vyake mlangoni zaidi ya ilivyohitajika. Nilikuwa nimejiandaa kwa mtu wa ugomvi na sikumpata. Alikunywa chai ya Indu, akafungua madaftari yote moja baada ya jingine, akauliza maswali ya maana. Kisha akampa mtoto karatasi ya hesabu. Ili asimtishe, yeye na Hemant wakahamia chumba cha mbele, wakaniacha mimi na mtoto mezani. Baada ya dakika ishirini alirudi, akasahihisha amesimama. Hesabu kumi na nane kati ya ishirini zilikuwa sahihi.

Aliketi akatuambia waziwazi kwamba kwa maoni yake mtoto huyu alipimwa vibaya. Bado yuko nyuma ya umri wake, alisema, lakini hafai hata siku moja kuwekwa shule ile, na yeye mwenyewe angependa kuandika hivyo. Ila neno lake peke yake halitoshi kufuta ile karatasi ya Juni. Lazima daktari wa shule amwone. Mtoto ni mdogo mno kwa miaka yake, pengine mwili ulichelewa kukua, na hilo likithibitishwa litaeleza kila kitu. Daktari atahesabu meno ya utoto yaliyobaki, atapiga eksirei ya kiganja cha mkono aone mifupa imefika umri gani, kisha ripoti mpya itaandikwa. Bila hivyo hawezi kuyakubali masomo ya nyumbani kwa mtoto aliyekwisha kuwekwa kwenye orodha. Halmashauri itaenda mahakamani, na mahakama itamtaka daktari yule yule. Akatoa siku: wiki tatu mbele.

Nilifurahi sana. Nilimsindikiza mpaka barabarani, nikamshukuru, naye akanipa mkono.

Niliporudi ndani cherehani ilikuwa imezimwa. Hemant amekaa na mikono yake chini ya mapaja. Indu akamwambia mtoto apande chumbani kwangu akasome, akangoja mpaka nyayo zake zikafika juu.

"Mwadini," Hemant akasema, "yule si Nalini."

Nikamwambia sikuelewa.

"Nalini alikufa. Mwaka sitini na tisa, pale Mombasa. Homa ya uti wa mgongo, siku nne. Huyu ni Kokila, wa marehemu kaka yangu. Ana miaka minane."

Nikaketi. Wakanieleza, mara huyu mara yule. Kaka yake Hemant na mkewe walikufa kwa gari njia ya Voi, na mtoto alikuwa hajatimiza mwaka. Indu ndiye aliyemlea, kitanda kimoja na Nalini wake. Mwaka sitini na nane, Hemant alipokwenda kujaza fomu za kuja Uingereza, karani wa dirishani alimwambia asiandike mtoto wa ndugu. Mtoto wa ndugu si mtoto wako, alisema. Hemant akaiacha fomu yake, akatoka pale akijua kwamba hawataondoka, maana hakukuwa na wa kumwachia. Mwaka uliofuata Nalini akafa. Hawakupeleka habari popote. Zamu yao ilipofika, fomu bado ilikuwa na jina la Nalini, na tarehe yake ya kuzaliwa, na mahali pa kuzaliwa.

"Jina lilikuwapo," Indu akasema, "na mtoto alikuwapo." Alisema hivyo akiangalia meza. Kisha akaongeza kwamba kwa mwaka mzima kila alipomwita mbele ya watu alikuwa akimwita marehemu.

Nikaanza kupanga mambo kichwani. Mwanamke wa vibao vya rangi alikuwa amepima sawasawa kabisa. Mwezi wa Juni mtoto alikuwa na miaka saba na miezi tisa, naye aliandika kwamba akili yake haijafika miaka minane. Nukta zangu nazo zilikuwa sawa. Daktari atahesabu meno, atatazama mifupa, naye pia atapata jibu sahihi.

"Kwa nini hukuniambia kabla ya ile barua?" nikamuuliza Hemant.

"Ningekuambia ungefanya nini?" akasema. "Ungemwandikia nani?"

Hakusema kwa hasira.

Wiki ile nilijaribu kila njia niliyoweza kuifikiria. Kuhama, kwenda Rayners Lane au nje kabisa ya London: faili humfuata mtoto, kwa sababu shule ya huko itaandika kwa ya huku. Kukataa daktari: hapo ni mahakamani. Kusema kweli: hilo sikujua mwisho wake, nikaenda kwa Soud, Mzanzibari mwenzangu aliyekuwa karani wa wakili mmoja na aliyezoea mambo ya uhamiaji. Nilimweleza bila kutaja majina. Alinisikiliza akimenya chungwa.

"Habari hii ni ya nani?" akauliza.

"Ya mtu."

"Basi mwambie mtu wako asikanyage Croydon."

Alieleza kwamba ofisi ya uhamiaji, iliyokuwa huko Croydon, itaona vitu viwili, mtoto asiye na haki ya kuwapo na wazazi waliotia sahihi uongo. Wanaweza kumrudisha mtoto alikotoka, hata kama hakuna wa kumpokea, na kuwashitaki wakubwa. Pengine wasifanye hivyo. Yeye hawezi kumwambia mtu acheze kamari na mtoto wa miaka minane. Na daktari akiandika kwamba mifupa haifanani na paspoti, hakuna mkaguzi atakayeweza kuinyamazia karatasi hiyo, hata akiwa mwema namna gani.

Nilikuwa nimeshasimama aliponiambia la mwisho. Mtoto yatima wa ndugu, kama hana mtu mwingine, huweza kuombewa. Yeye ameshuhudia wawili waliokubaliwa. Lakini aombewe kule kule, kabla ya safari, kwa jina lake mwenyewe. Karani wa dirishani hakukosea aliposema mtoto wa ndugu haandikwi katika fomu ile. Ila ilikuwapo fomu nyingine, na hakuitaja, na Hemant hakujua kwamba kuna la kuuliza.

Hilo sikumwambia Hemant. Nilifikiri njia yote ya kurudi kama ni wajibu wangu kumwambia, nikaona lingemfaa mtu aliye bado Mombasa.

Siku mbili baadaye barua ya halmashauri ililetwa: nafasi katika shule maalumu imepatikana. Mzazi akikubali kwa hiari, atie sahihi chini. Ile karatasi ya Juni itatosha, hakuna haja ya uchunguzi mwingine.

Hemant aliisoma mara mbili. Mtoto alikuwa kwenye ngazi, akivaa viatu. Indu akauliza swali moja tu, kwamba mifupa huacha lini kuonyesha umri. Nilikuwa nimelisoma hilo maktaba. Nikamwambia tofauti ya miaka miwili na nusu inaonekana wazi kwa mtoto wa miaka minane, lakini akifika miaka kumi na tatu au kumi na nne, na akawa ameshavunja ungo, daktari hawezi kuapa.

"Miaka mitano," Indu akasema.

"Mitano au sita," nikasema.

Hemant akaniomba niende naye kwa Bwana Hallam. Ilikuwa Alhamisi asubuhi, nikaomba ruhusa kazini. Katika basi aliniambia atakayosema na akaniuliza kama nitakubali. Nilikubali.

Ofisi ya Bwana Hallam ilikuwa na dirisha la kutazama maegesho ya magari. Alifurahi kutuona. Hemant aliweka barua mezani, imetiwa sahihi, akasema kwa Kiingereza chake cha dukani kwamba anakubali shule ile, na anaiondoa barua ya kumsomesha mtoto nyumbani, na kwa daktari hatakwenda.

Bwana Hallam hakuigusa barua. Alianza kumweleza polepole, kama mtu anayedhani mwenzake hakufahamu lugha. Alisema mtoto wako ana akili. Alisema katika kazi yake si mara nyingi hupata nafasi ya kurekebisha kosa kabla halijaharibu, na hii ni mojawapo, na anamsihi baba asikate tamaa kwa ajili ya wiki mbili. Alifungua faili akatoa ile karatasi ya hesabu, kumi na nane kati ya ishirini, akaigeuza ili Hemant aione.

Hemant aliitazama. Kisha akanionyesha kwa mkono.

"Hizo alifanya huyu," akasema. "Mtoto ni mzito, bwana. Sisi tunamjua. Huyu alikuwa akimnong'oneza majibu kwa Kiswahili. Na kwenye madaftari ni yeye vilevile."

Bwana Hallam akanigeukia. Aliniuliza kama ni kweli.

Nikasema ni kweli.

Akaniuliza tena, safari hii taratibu, kama madaftari yote niliyomwonyesha, ya miezi mitatu, yalikuwa hivyo. Nikasema yote.

Akairudisha karatasi ndani ya faili, akachukua ile barua yenye sahihi, akaigonga muhuri. Hakumlaumu Hemant. Alimwambia kwamba basi dogo la halmashauri litampitia mtoto Jumatatu ijayo, saa moja na dakika arubaini asubuhi, na amwandalie chakula. Kwangu mimi alisema jambo moja tu, tukiwa tumeshafika mlangoni.

"Unajua ulichomfanyia mtoto yule?"

Nikamjibu kwamba najua.

Tulirudi Kenton. Stesheni Hemant alinunua gazeti, akanipa mimi, akaenda kazini zamu ya mchana.

Sikushuka chini siku mbili. Niliona ni haki yao kutotaka kuniona. Jumapili, baada ya chakula cha mchana, mlango wangu uligongwa, nikakuta ni mtoto, na daftari jipya mkononi, kalamu ya risasi imechongwa. Aliingia akaketi kitini kwangu kama alivyokuwa akiketi kule chini.

Nikamwita kwa jina lake, Kokila. Ilikuwa mara ya kwanza. Aligeuka mara moja.

Alikuwa ameshaelezwa yote. Wazazi wake hawakumficha, na nadhani walifanya vizuri. Baba yake amemwambia kwamba shule anayokwenda, mtoto akionekana anaweza zaidi ya wenzake, hutakiwa kuhamishwa, na kila anayehamishwa hupita kwanza kwa daktari. Kwa hiyo asionekane. Mpaka afike miaka kumi na tatu yake mwenyewe, si ya Nalini.

"Mjomba," akasema, "nikose ngapi?"

Aliona labda sikumfahamu, akanieleza vizuri: katika hesabu kumi, azikose ngapi, ili wasimpeleke kwa daktari, lakini wasimweke na wale wa kutunga shanga pia.

Nilifikiri. Nikamwambia azikose saba.

Nikamwandikia hesabu kumi za kuzidisha. Alizifanya kwa dakika chache akiwa ameinamisha kichwa, akanisogezea daftari. Nilisahihisha. Tatu zilikuwa sahihi na saba zilikuwa makosa. Katika moja alisahau kubeba makumi, katika nyingine alijumlisha badala ya kuzidisha, katika ya tatu aligeuza namba, na kadhalika mpaka ya saba, kila moja na kosa lake.

Nikamwambia hivyo haitafaa. Mtoto asiyejua hakosi kwa njia saba. Hukosa kwa njia moja, ile ile kila mara, kwa sababu anadhani ndiyo sahihi. Mwalimu mzuri ataona tofauti. Achague kosa moja, alishike, alirudie kila siku, na likizoeleka sana wakataka kumsahihisha, aelewe kidogo kidogo, mwaka mzima kwa kosa moja, kisha aanze jingine.

Alisikiliza kama alivyosikiliza mgawanyo mrefu. Aliniuliza ni kosa gani bora. Nikamwambia kusahau kubeba. Ni kosa la kawaida, na halichoshi.

"Nisibebe hata mara moja?"

"Hata mara moja."

Akachukua kifutio, akafuta zote kumi, akapuliza vumbi lake kwa pembeni lisiingie kwenye daftari langu lililokuwa kando, akaanza upya.